Mteremko wa oksijeni si namba ya galaksi peke yake

Katika Njia Nyeupe, kila kiloparsek moja (miaka ya mwanga 3,260) unayosogea kutoka katikati kuelekea ukingoni, oksijeni iliyomo katika gesi hupungua kwa deksi 0.04 hadi 0.06. Deksi ni hatua katika logi ya kumi: deksi 1 ni mara kumi, deksi 0.3 ni karibu mara mbili, na deksi 0.05 ni upungufu wa asilimia 11 hivi. Unaonekana mdogo. Lakini kwa kiloparsek 10, umbali ambao mwanga huutembea kwa miaka 32,600, unalimbikizana mpaka gesi ya nje inabaki na theluthi moja tu ya oksijeni ya gesi ya ndani.

Mteremko huu hunukuliwa kana kwamba ni sifa ya galaksi, sawa na masi yake au kasi ya mzunguko wake. Galaksi fulani ina −0.03, nyingine −0.06, na mara nadharia nzima inajengwa juu ya tofauti hiyo. Hapo ndipo ninapotofautiana na sehemu kubwa ya maandiko ya fani hii. Mteremko upo, na hakuna anayeupinga tena. Lakini thamani inayochapishwa ni mchanganyiko wa galaksi na njia iliyotumika kuipima, na mara nyingi mchango wa njia ni mkubwa kuliko tofauti inayobishaniwa.

Tuanze na kinachohesabiwa. Wingi wa oksijeni huandikwa 12 + log(O/H): unahesabu atomi za oksijeni kwa kila atomi ya haidrojeni, unachukua logi, kisha unaongeza 12 ili kuepuka namba hasi. Kwa kipimo hicho Jua lina 8.69, yaani atomi 49 za oksijeni kwa kila atomi 100,000 za haidrojeni. Oksijeni ilichaguliwa kwa sababu inapimika. Baada ya haidrojeni na heli, hakuna elementi iliyo nyingi kuliko hiyo. Hutoa mistari mikali ya mwanga ikiwa imepoteza elektroni moja na vilevile ikiwa imepoteza mbili, hivyo karibu yote iliyomo katika nebula (wingu la gesi linalowashwa na nyota) huonekana. Na sehemu yake inayojificha ndani ya chembe za vumbi ni ndogo. Chuma hakina bahati hiyo: zaidi ya asilimia 90 ya chuma cha gesi kati ya nyota huwa kimeganda kwenye vumbi, kwa hiyo anayetaka mteremko wa chuma hana budi kwenda kwenye nyota zenyewe.

Dalili ya kwanza iliandikwa mwaka 1942. Lawrence Aller alipima nebula za galaksi ya M33 akaona kwamba mstari wa oksijeni wenye urefu wa wimbi wa angstromu 5007 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ukilinganishwa na mstari wa haidrojeni wa 4861 uitwao Hβ, unazidi kung'aa kadiri nebula ilivyo mbali na kitovu. Kwa haraka mtu angesema nje kuna oksijeni nyingi zaidi. Ni kinyume chake, na ilichukua hadi mwaka 1971 kwa Leonard Searle kulieleza jambo hilo sawasawa. Nebula hupashwa moto na miale ya urujuanimno ya nyota changa, na kinachoipoza zaidi ni oksijeni yenyewe: ayoni (atomi iliyopoteza elektroni) hugongwa na elektroni, hupokea nishati, kisha huitoa kama mwanga unaotoroka. Oksijeni ikiwa nyingi, gesi hupoa, elektroni hupungukiwa nguvu za kuamsha mstari wa 5007, na kazi ya kupoza huhamia kwenye mistari ya infraredi. Oksijeni ikiwa haba, gesi hubaki ya moto na 5007 hung'aa. Kwa hiyo swali lolote kuhusu oksijeni ni swali kuhusu halijoto kwanza.

Njia inayoitwa ya moja kwa moja hupima halijoto hiyo kwa mistari ya ayoni ileile, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mistari ya 4959 na 5007 hutoka kwenye ngazi ya nishati ya elektronivolti 2.5, mstari wa 4363 hutoka kwenye ngazi ya elektronivolti 5.35. Kadiri gesi ilivyo baridi, ndivyo ngazi ya juu inavyokosa wa kuifikia. Ukijumlisha 4959 na 5007 kisha ukagawanya kwa 4363, katika gesi yenye msongamano mdogo unapata takriban 120 kwa kelvini 12,000, 210 kwa kelvini 10,000, 480 kwa kelvini 8,000, na 1,900 kwa kelvini 6,000. Zitazame namba hizo vizuri, kwa sababu ndizo chanzo cha nusu ya matatizo ya fani hii. Sehemu za ndani za galaksi kubwa, ambako oksijeni ni nyingi kuliko kwingine, ndiko nebula zilipo baridi, na ndiko mstari unaohitajika unapokaribia kutoweka.

Mstari wa 4363 una maadui watatu. Wa kwanza ni uchafuzi wa mwanga angani: taa za zebaki hutoa mstari wa 4358, umbali wa angstromu tano tu. M33 inatusogelea kwa takriban kilomita 180 kwa sekunde, na mwendo huo unausogeza mstari wake wa 4363 hadi karibu 4360.6, yaani angstromu mbili tu na zebaki. Spektra isiyotenganisha vizuri itavimeza vyote viwili kama kitu kimoja. Wa pili ni mstari dhaifu wa chuma ulio karibu na 4360, ambao hupata nguvu katika nebula zenye metali nyingi (elementi zote zilizo nzito kuliko heli), palepale ambapo 4363 inadhoofika. Wa tatu ni kelele. Mstari unaozidi kelele mara mbili au tatu tu huelekea kuripotiwa ukiwa mkubwa kuliko ulivyo, kwa sababu ile ambayo kelele iliipunguza haikuvuka kizingiti na haikuandikwa. Maadui wote watatu huvuta upande mmoja: 4363 inaonekana kubwa, halijoto inapanda, oksijeni inashuka.

Kosa la kelvini 500 katika nebula ya kelvini 8,000 hubadilisha wingi wa oksijeni kwa deksi 0.11 hivi. Katika Njia Nyeupe hiyo ni sawa na kuihamisha nebula kiloparsek mbili au tatu. Na kwa kuwa kosa hilo hutokea zaidi ndani kuliko nje, halitawanyi nukta ovyo kuuzunguka mstari. Linaulaza mstari wenyewe. Kuna upendeleo mwingine juu yake: kati ya nebula mia za eneo la ndani, zile chache ambazo 4363 yake inaonekana ndizo zenye joto kuliko wenzake, yaani maskini wa oksijeni kuliko majirani zake. Mteremko uliochorwa kwa nebula hizo pekee umechorwa kwa wasiowakilisha mahali pao.

Kabla ya kuiamini halijoto yoyote, kuna jaribio moja rahisi ambalo naona linarukwa mara nyingi mno. Uwiano wa 5007 kwa 4959 umewekwa na fizikia ya atomi na hautegemei halijoto wala msongamano: ni 2.98. Ukipata 2.6, huenda kihisi kimejaa kwenye mstari mkali, au anga halikuondolewa sawasawa. Hakuna haja ya kuendelea hadi hilo litengenezwe.

Halijoto ya eneo la oksijeni iliyopoteza elektroni mbili haiwi ile ya eneo la iliyopoteza moja. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha ya kwanza kwa 0.7 na kuongeza kelvini 3,000. Inafaa kama mahali pa kuanzia. Kwa nebula baridi ni bora kuipima halijoto hiyo ya pili kwa nitrojeni (5755 dhidi ya 6583) au kwa salfa (6312 dhidi ya 9069 na 9531), ambayo huonekana hata pale 4363 iliposhindikana. Mradi wa CHAOS, unaotumia darubini pacha ya LBT huko Arizona, umefanya kazi hiyo kwa subira katika galaksi za M101, M51, NGC 628 na NGC 3184, na kwa maoni yangu mamia machache ya nebula zilizopimwa hivyo yana uzito kuliko makumi ya maelfu yaliyopimwa kwa mkato.

Mkato wenyewe ni huu. Kwa kuwa 4363 ni dhaifu, watu hutumia mistari mikali peke yake na kanuni inayoiunganisha na wingi wa oksijeni. Mwaka 1979 Bernard Pagel na wenzake walipendekeza R23: jumla ya 3727 (ya oksijeni iliyopoteza elektroni moja), 4959 na 5007 ikigawanywa kwa Hβ. Tatizo lake linajulikana: R23 hupanda oksijeni inapoongezeka, hufika kilele, kisha hushuka, kwa hiyo thamani moja ina majibu mawili. Karibu na kilele, kati ya 8.0 na 8.4 hivi, haisemi lolote. Uamuzi wa tawi lipi litumike, la kupanda au la kushuka, hufanywa kwa nitrojeni, na diski inayovuka kilele katikati ya safari yake kutoka ndani kwenda nje huweza kuzaa mvunjiko wa mteremko ambao haupo.

Kanuni za baadaye ziliepuka hilo kwa kutumia nitrojeni moja kwa moja. Iliyosambaa zaidi ni O3N2, ambayo ni logi ya uwiano wa 5007 kwa Hβ ukigawanywa kwa uwiano wa mstari wa nitrojeni wa 6583 kwa Hα, mstari mwekundu wa haidrojeni. Mwaka 2004 Max Pettini na Pagel waliandika: 12 + log(O/H) = 8.73 − 0.32 × O3N2. Mwaka 2013 Raffaella Marino na wenzake, wakiwa na sampuli kubwa zaidi ya nebula zilizopimwa halijoto, waliandika: 8.533 − 0.214 × O3N2.

Usiangalie namba za kwanza; angalia za pili. Mteremko wa oksijeni unaopatikana kwa kanuni hizi ni mteremko wa O3N2 ukizidishwa kwa kigezo hicho. Gawanya 0.32 kwa 0.214 upate karibu 1.5. Chukua galaksi moja, spektra zilezile, usiku uleule: anayetumia kanuni ya 2004 atachapisha −0.060 na anayetumia ya 2013 atachapisha −0.040. Si kosa la kipimo. Hakuna aliyekosea hesabu. Lakini tofauti kati ya −0.06 na −0.04 ndiyo hasa inayotumiwa kuamua kama galaksi yenye upau wa nyota katikati imechanganya gesi yake kuliko isiyo na upau. Lisa Kewley na Sara Ellison walionyesha mwaka 2008 kwamba kanuni mbalimbali, kwa galaksi zilezile, hupishana hadi deksi 0.7 katika wingi wenyewe, ambayo ni mara tano. Watu wengi walikumbuka onyo hilo kuhusu thamani, wakasahau kwamba linagusa mteremko pia, kwa kuwa kanuni hazipishani kwa kiasi kilekile katika oksijeni nyingi na haba.

Na hata njia ya moja kwa moja haina kinga. Mwaka 1967 Manuel Peimbert alieleza kwamba nebula isiyo na halijoto moja hudanganya: sehemu za moto hutawala 4363, wastani unaonekana wa juu kuliko ulivyo, na oksijeni inapunguzwa. Mistari ya muungano wa oksijeni na elektroni, ambayo haiathiriwi na hilo, hutoa oksijeni zaidi kwa karibu mara moja na nusu hadi mbili. Ni mistari hafifu mno, karibu sehemu moja kwa elfu ya Hβ, hivyo hupimwa katika nebula angavu peke yake. Mgogoro huo haujamalizika. Ninachodai ni kwamba makala inayotoa mteremko kwa desimali tatu bila kutaja kanuni yake katika muhtasari haijatoa mteremko.

Upande wa darubini una mitego yake, na mingi inaangukia kwenye mistari ileile. Angahewa hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu; galaksi ikiwa chini kiasi kwamba mwanga unapita angahewa mara mbili ya ule wa utosini, picha ya 3727 husogea zaidi ya sekunde moja ya tao kutoka ile ya 5007. Upenyo wa spektrografu wenye upana wa sekunde moja, usipoelekezwa sambamba na mwelekeo wa kupinda huko, hupoteza sehemu ya 3727 bila dalili yoyote, na oksijeni ya ayoni ya kwanza inatoweka kwenye hesabu. Kisha kuna vumbi. Uwiano wa Hα kwa Hβ katika gesi ya kelvini 10,000 unapaswa kuwa 2.86, ziada yoyote ni vumbi, na hurekebishwa kwa sheria ya ufifishaji kabla ya kulinganisha 3727 na 6583 zilizo mbali hivyo. Lakini kabla ya kutumia uwiano huo, ondoa mwanga wa nyota zilizo chini ya nebula, kwa sababu Hβ ya nyota hunyonya na kula sehemu ya Hβ ya gesi. Ukisahau, Hβ inapungua, vumbi linaonekana jingi, na 3727 inavimbishwa kupita kiasi. Mpangilio wa hatua hizi una maana: nyota kwanza, vumbi baadaye, halijoto mwisho.

Kamera za spektra zinazopiga galaksi nzima, kama MUSE huko Chile, ziliondoa tatizo la upenyo na kuleta jingine. Kati ya nebula kuna gesi nyembamba yenye ayoni ambayo haiwashwi kwa njia ileile. Ina 6583 na mistari ya salfa ya 6717 na 6731 iliyo mikali kupita kawaida ikilinganishwa na Hα. Pikseli moja ikichanganya nebula na gesi hiyo, kanuni za nitrojeni hutoa oksijeni isiyo ya kweli. Mchoro wa Baldwin, Phillips na Terlevich wa mwaka 1981, unaotenganisha vyanzo vya mwanga kwa uwiano wa mistari, husaidia kuitupa, si yote. Kwa galaksi za mbali zaidi, ambako pikseli moja inabeba kiloparsek nzima, hakuna cha kutupa: kila kitu kimeshachanganyika, na ukungu wa angahewa unamwaga mwanga wa ndani nje na wa nje ndani. Matokeo ni mteremko uliolala.

Mwinamo wa galaksi hutajwa kwa sentensi moja katika makala nyingi, na unastahili zaidi. Umbali wa nebula kutoka kitovu, ukipimwa upande mfupi wa galaksi, hugawanywa kwa kosaini ya mwinamo. Kwa nyuzi 30 kosa la nyuzi 5 hubadilisha umbali kwa asilimia 6 tu. Kwa nyuzi 70 kosa hilohilo hubadilisha umbali kwa theluthi nzima. Galaksi zilizolala kupita nyuzi 70 ningeziacha kabisa.

Sasa, kwa nini mteremko upo? Jibu fupi ni kwamba diski hujengwa kutoka ndani kwenda nje: ndani gesi ilianguka mapema na kwa wingi, ikageuzwa kuwa nyota haraka, na nyota zikarudisha metali. Katika hesabu rahisi ya sanduku lililofungwa, wingi wa metali ni mavuno ya nyota (metali zinazorudishwa na kizazi cha nyota) yakizidishwa kwa logi asilia ya kinyume cha sehemu ya gesi iliyobaki. Pale ambapo gesi iliyobaki ni asilimia 10, metali ni mara 2.3 ya mavuno. Ilipobaki nusu, ni mara 0.69. Uwiano wa hizo mbili ni 3.3, sawa na deksi 0.52. Inavutia kuona sanduku lisilo na mlango likitoa namba inayokaribiana na ya Njia Nyeupe, na naona mvuto huo umewapotosha wengi, maana tunajua milango ipo: gesi safi inaingia, upepo wa supanova (nyota zinazolipuka) unatoa metali, na gesi inateleza ndani ya diski kuelekea kitovu. Mteremko mmoja unaweza kuzalishwa na michanganyiko mingi ya mambo hayo matatu.

Ushahidi wa milango uko ukingoni. Katika M83, Fabio Bresolin na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba oksijeni hushuka hadi karibu na ukingo wa diski angavu kisha inaacha kushuka. Nje ya hapo ni tambarare. Gesi ya huko imezaa nyota chache mno kuweza kujitengenezea metali hizo, kwa hiyo zilipelekwa, ama zilirudi na gesi iliyokwisha kutumika. Galaksi mbili zinapokaribiana, gesi ya nje hutiririka ndani na mteremko hulala. Hilo lilipimwa na Kewley na wenzake mwaka 2010. Mstari mmoja mnyofu uliovutwa kupitia diski yenye mvunjiko kama wa M83 ni wastani wa vitu viwili visivyofanana.

Mwaka 2014 mradi wa CALIFA, kwa galaksi 306, ulitoa hoja kwamba mteremko ni uleule karibu kwa diski zote, −0.1 deksi kwa kila nusukipenyo kinachobeba nusu ya mwanga. Ni matokeo mazito na bado yananukuliwa. Tahadhari yangu ni kwamba kugawanya kwa nusukipenyo cha galaksi yenyewe huondoa tofauti za ukubwa kabla hujaanza kuzitafuta; baadaye mradi wa MaNGA, kwa sampuli kubwa zaidi, ilionyesha kwamba mteremko unabadilika na masi ya galaksi hata ukigawanywa hivyo.

Ikiwa namba moja inabeba utata wote huu, kitu gani kinastahili kutazamwa? Uwiano kati ya elementi, ambao unabeba saa ndani yake. Oksijeni na magnesi hutoka kwenye nyota zenye masi zaidi ya nane za Jua, ambazo hulipuka ndani ya miaka milioni 40 hivi tangu kuzaliwa. Nitrojeni nyingi hutoka kwenye nyota za masi ya kati, kwa kuchelewa kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na huongezeka zaidi nyota inapozaliwa ikiwa tayari na kaboni na oksijeni za kugeuza. Chuma kingi huja na supanova za aina ya Ia, vibete vyeupe vinavyolipuka hata baada ya mabilioni ya miaka. Galaksi iliyotengeneza nyota kwa pupa na iliyozitengeneza polepole zinaweza kuwa na oksijeni sawa; hazitakuwa na nitrojeni na chuma sawa.

Uwiano wa nitrojeni kwa oksijeni una faida nyingine ya vitendo. Katika nebula ya kelvini 8,000, unyeti wake kwa kosa la halijoto ni chini ya nusu ya ule wa oksijeni kwa haidrojeni, kwa kuwa makosa ya 6583 na 3727 yanafutana kwa sehemu. Unachodai ni marekebisho makini ya vumbi. Na picha inayotoka ni safi. Nje ya diski logi ya uwiano huo hukaa karibu na −1.5, tambarare, ndani hupanda, ikipita karibu na ya Jua ambayo ni −0.86. Galaksi nne za CHAOS, zilizopishana katika oksijeni, zilifuatana katika nitrojeni kwa oksijeni kwa namna ya kushangaza zilipopangwa kwa nusukipenyo cha nusu ya mwanga. Hapa ndipo pia kanuni za nitrojeni zinapoumbuka: zinapima kwa sehemu mteremko wa nitrojeni, ulio mkali zaidi, kisha zinautangaza kuwa wa oksijeni.

Nyota zinaongeza jambo ambalo gesi haina, umri, pamoja na tatizo lake. Nyota za Sefeidi, changa na zenye umbali unaojulikana vizuri, hutoa mteremko wa chuma wa karibu −0.06 deksi kwa kiloparsek katika Njia Nyeupe. Nyota kongwe hutoa mteremko uliolala zaidi, na ungeweza kudhani kwamba zamani galaksi ilikuwa imechanganyika vizuri. Lakini Jerry Sellwood na James Binney walionyesha mwaka 2002 kwamba mikono ya spirali huhamisha nyota ndani na nje kwa kiloparsek kadhaa bila kuvuruga umbo la mizingo yao. Nyota kongwe haipo ilipozaliwa. Jua lenyewe, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, lina metali za kutosha kufanya wengi wadhani lilizaliwa karibu zaidi na kitovu kuliko kiloparsek 8.2 lilipo leo. Mteremko wa nyota kongwe uliolala ni wa kuhama kwanza, wa historia ya gesi baadaye.

Kuhusu kuzunguka duara, yaani tofauti za nebula zilizo umbali sawa na kitovu, mwelekeo wa vipimo bora ni wazi: kadiri kazi ilivyo makini, tofauti hupungua. Katika M33 uchunguzi wa mwaka 2008 uliona mtawanyiko wa deksi 0.11 ambao haukuelezwa na kelele; Bresolin aliupima tena mwaka 2011 akapata takriban 0.06. Mradi wa PHANGS, kwa galaksi nane zilizopigwa na MUSE, ilipata 0.03 hadi 0.05 mwaka 2019. Wapo wanaopotoka: katika NGC 1365, I-Ting Ho na wenzake walipata mwaka 2017 tofauti za deksi 0.2 zinazofuata mikono. Ndiyo maana dai la mwaka 2021 kwamba gesi baridi jirani na Jua inatofautiana mara kumi naliona gumu kukubalika. Linategemea sana marekebisho ya kiasi kilichoganda kwenye vumbi, na nebula za eneo hilohilo hazionyeshi kitu kama hicho.

Njia ya kuruka halijoto ipo. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa pia mistari ya infraredi ya mikrometa 52 na 88, kutoka ngazi zilizo chini kiasi kwamba gesi ya kelvini 6,000 na ya 12,000 huziamsha karibu sawa. Kinachohitajika ni msongamano, na uwiano wa mistari hiyo miwili unautoa. Mvuke wa maji wa angahewa huizuia isifike ardhini. Ndege-darubini ya SOFIA iliyokuwa ikiifikia ilisimamishwa mwaka 2022, na pengo hilo halijazibwa. Kwa galaksi za mbali kabisa, upanukaji wa ulimwengu huuvuta mstari wa 88 hadi kwenye mawimbi ya chini ya milimita, ambako ALMA, darubini za redio zilizoko Chile, inausikia vizuri. Kwa hiyo mstari usiojali halijoto unapimika katika galaksi za miaka milioni mia chache baada ya mwanzo wa ulimwengu, na haupimiki kwa sasa katika M101, iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 21.